Kuchagua Magurudumu na Matairi ya Baiskeli za Mashindano

(Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi)



Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Si ajabu basi kijana wa chama cha msingi akaiomba Kamati imnunulie magurudumu ya mashindano. Fedha itakayotoka ni ya wanachama, na shingo itakayovunjika ni ya mtoto wa mwanachama. Ombi la namna hiyo halifai kupitishwa wala kukataliwa kwa kubahatisha.

Jambo la kwanza ni kipimo, na hapa ndipo fedha hupotea kwa urahisi. Baiskeli ya kawaida ya kubebea mizigo, ile ya breki za vyuma, huvaa tairi lililoandikwa 28 x 1½. Tairi la mashindano nalo siku hizi mara nyingi huandikwa 700 x 28, lakini hapo 28 ni upana wake kwa milimita. Namba ni moja, mambo ni mawili. Kipenyo cha ringi mahali tairi linapokaa ni milimita 635 katika baiskeli ya kwanza, na 622 katika ya pili. Tofauti hiyo ya milimita 13 haiondolewi kwa kuvuta wala kwa kupaka sabuni. Kwa hiyo Katibu asiagize "tairi la ishirini na nane". Aandike katika hati 28-622, kama ilivyochapwa ubavuni mwa tairi, ili duka likileta jingine lisiwe na la kujitetea.

Kwa miaka mingi wakimbiaji waliamini kwamba tairi jembamba la milimita 23, lililojazwa upepo hadi kuwa gumu kama jiwe, ndilo lenye mbio. Imani hiyo imeachwa. Tairi gumu mno hurukaruka juu ya kila kokoto, na kila mruko humla mpandaji nguvu ambazo zingemsukuma mbele. Mabingwa wenyewe sasa hutumia milimita 28 hadi 30, au zaidi. Kijana wa kilo 65, mwenye tairi la 28 lenye tyubu, hutoshelezwa na upepo wa kama ratili 70 kwa inchi ya mraba, gurudumu la nyuma likizidi kidogo. Pampu isiyo na kipimo haifai kwa kazi hii.

Ringi za kaboni zenye kina kirefu hupasua hewa vizuri kwenye tambarare, lakini upepo wa ubavuni huziyumbisha. Penye vilima wepesi una faida zaidi: huko Kigali wanaume walikwenda kilomita 267.5, wakipanda jumla ya mita zaidi ya 5,000, pamoja na kilima cha mawe ya kupangwa. Hata hivyo, kwa chama cha msingi ringi ya alumini yenye spoki 28 au 32 ndiyo ya busara. Spoki ikikatika, fundi wa kijijini huibadili. Ringi ya kaboni ikipasuka, hutupwa.

Hadhari kubwa ni juu ya ringi zisizo na kulabu za kushika ukingo wa tairi. Hizo hazipaswi kuzidi ratili 72.5 kwa inchi ya mraba, wala kuvishwa tairi ambalo mtengenezaji hakuliruhusu. Mwezi Februari 2024, katika mashindano ya Falme za Kiarabu, tairi la Mbelgiji Thomas De Gendt lilitoka kwenye ringi ya aina hiyo, naye akaanguka. Mabishano juu ya chanzo yalikuwa mengi. Kijana aliyezoea kujaza mpaka pampu igome asipewe ringi hizo.

Magurudumu ya mtumba nayo yana hila zake. Mengine ni ya matairi ya kugundishwa, ambayo ringi yake haina kingo za kushika tairi la kawaida. Mengine ukuta wa ringi umeliwa na breki: kidole kikipita kikahisi bonde, yarudishwe.

Yakishapokelewa, huandikwa katika daftari la mali ya chama, naye aliyekabidhiwa hutia sahihi. Tyubu na gundi ya pancha hujinunulia mwenyewe.