Maombi Yasifichue Siri ya Mgonjwa

Hotuba kwa wahudumu wa vituo vya afya vya kidini, Kitui na Makueni



Hospitali za misheni za Muthale na Mutomo zimewatibu wakazi wa Kitui kwa miongo mingi, na wakazi wanaziamini. Imani hiyo ndiyo inayofanya mafunzo ya maadili yawe ya lazima, kwa maana mgonjwa anayekuamini hakuulizi maswali mengi.

Chukulia mama aliyepimwa na kukutwa na virusi vya Ukimwi siku ya Alhamisi. Jumapili yuko kanisa moja na muuguzi aliyempima. Muuguzi anasimama na kuomba dada huyo akumbukwe katika maombi, amepata majibu mabaya hospitalini. Nia ni njema. Lakini kabla ya jua kutua kijiji kizima kimejua, na mama harudi kuchukua dawa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi aliyefunuliwa uchi huo ana wajibu wa kuusitiri. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa. Anayetaka kuombewa ataomba mwenyewe.

Jambo la pili ni idhini. Sheria hiyo hiyo inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa: hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari, gharama, na haki yake ya kukataa. Mzee anayejua Kikamba pekee akipewa fomu ya Kiingereza na kuonyeshwa pa kuweka kidole gumba, hajakubali lolote.

La tatu ni pesa. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilikiuka haki za akina mama wawili kwa kuwazuilia kwa sababu ya deni. Pumwani ni ya umma, lakini funzo ni la wote. Ni kweli kituo cha kanisa hununua dawa na kulipa mishahara kwa ada hizo. Basi deni liandikwe, lipangiwe malipo, na mgonjwa aende nyumbani. Bora zaidi ni kujikinga mapema. Makueni ilifanya hivyo mwaka 2016 kwa mpango wa Makueni Care, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Leo karani amsaidie kila mgonjwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Mafunzo haya yasiishie kwenye semina ya siku moja, chai na cheti. Kila wiki kisa kimoja, bila jina la mgonjwa, kijadiliwe na wauguzi, madaktari, kasisi au mchungaji, na karani wa malipo. Bawabu naye aitwe, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa lango.