Hotuba kwa Wakazi wa Ikonge: Magurudumu ya Toroli za Umeme Ghalani



Chai inayochunwa kwenye miteremko ya Nyamira haiishii kiwandani. Ikishakaushwa na kutiwa mifukoni huko Sanganyi, Kebirigo au Nyansiongo, hupangwa juu ya paleti na kusafirishwa hadi maghala ya Mombasa kungoja mnada. Mifuko 20 ya kilo 60 ni kilo 1,200 kwa paleti moja. Kijana wa hapa anayepata kazi ya ghala, Mombasa au Eneo la Viwanda kule Nairobi, huenda akakabidhiwa toroli ya umeme ya kuvuta mzigo kama huo.

Sehemu kubwa ya uzito huo hukalia magurudumu madogo yaliyo chini ya ncha za uma, mengi yenye kipenyo cha milimita 80 hivi, sawa na mdomo wa kikombe cha chai. Ndani ni chuma, nje ni poliurethani, plastiki ngumu inayobonyea kidogo kama mpira. Nailoni huteleza vizuri lakini ina kelele na huharibu sakafu. Mpira wa kawaida hauhimili uzito huo kwa muda mrefu.

Poliurethani nayo huchoka. Huachana na chuma, hupasuka, au hubonyea upande mmoja toroli ikiachwa imesimama na mzigo. Joto na unyevu, kama wa Pwani, huozesha baadhi ya aina zake hata zikiwa rafuni. Kwa hiyo gurudumu lililokaa dukani miaka mingi si jipya, hata likiwa bado kwenye karatasi yake. Wauzaji hawana haraka ya kulisema hilo.

Likimeguka, toroli huinama upande mmoja na mifuko ya juu hufuata. Aliye karibu huumia mguu, au zaidi. Gurudumu la kuendeshea likiisha pia ni hatari, kwa sababu breki hutegemea hilo hilo kushika sakafu.

Kulibadilisha ni kazi ya fundi. Mzigo hushushwa, swichi huzimwa, plagi ya betri huchomolewa, kisha toroli huwekewa magogo imara chini. Kuitegemea jeki yake yenyewe ni kucheza na vidole. Kipimo kisichukuliwe kwenye gurudumu lililolika. Kisomwe kwenye kibandiko cha toroli au kitabu chake. Beringi huandikwa namba ubavuni: 6204, kwa mfano, ina tundu la milimita 20. Magurudumu ya ncha zote mbili hubadilishwa pamoja, la sivyo jipya hubeba mzigo wa mwenzake.

Kibarua mara nyingi huliona tatizo akanyamaza, akiogopa kukosa kazi kesho. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Akiumia, Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri amwarifu mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Mfanyakazi anaweza kumpa mwajiri habari hiyo kwa mdomo au kwa maandishi; ya maandishi, yenye tarehe, ni vigumu kukanwa.