Shule Gani Imfaayo Mtoto Mgumu?



Neno langu leo ni juu ya mtoto mbishi, asiyetulia, ambaye mzazi wake ameitwa shuleni mara nyingi hata ameizoea njia.

Mtoto kama huyu akaribiapo sekondari, wengi wetu husema, “Apelekwe mbali, kwenye shule kali, akanyoshwe.” Miaka iliyopita nami nilisema hivyo. Nilichukua fedha zangu zote za chai, nikampeleka mwanangu katika shule ya bweni yenye sifa, wala sikumwuliza neno. Muhula haukuisha: alitoroka usiku, akafika nyumbani kwa miguu. Ndipo nilipotambua kwamba nilichagua shule ya kunipa fahari mimi, si ya kumfaa yeye.

Sifa ya shule si kitu kibaya. Shule ya Kisii yajulikana tangu miaka ya 1930, na Nyambaria ya Nyamira iliongoza katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2022. Lakini kiatu kizuri kisichokutosha hukuumiza vilevile.

Basi, tufanyeje?

Kwanza, msikilize mtoto. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 hufuata njia moja kati ya tatu: sayansi na ufundi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Huenda mtoto afunguaye kila redio nyumbani si mharibifu, bali mikono yake yatafuta kazi. Watu wa Tabaka, wachongao mawe, wajua thamani ya mikono ya namna hiyo.

Pili, nenda ukaione shule kwa macho yako. Uliza: Ni nani mwalimu wa ushauri? Watoto wangapi hulala katika bweni moja? Mtoto akikosa, mzazi huarifiwa lini? Mkuu akijivunia kiboko, rudi kwako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi. Tena, mtoto aliyezoea fimbo haogopi fimbo.

Tatu, usidharau shule ya kutwa. Karo yake ni nafuu, na kila jioni wamwona mwanao na kujua hali yake. Lakini ikiwa marafiki wabaya wa sokoni ndio wanaompoteza, bweni laweza kumfaa, mradi liwe mahali unapoweza kufika upesi ukiitwa.

Mwanangu alimalizia masomo katika shule ya kutwa iliyo karibu nasi. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini hakutoroka tena.

Shule husaidia kulea. Haichukui mahali pa mzazi. Kabla ya kujaza fomu, keti na mwanao, umwulize, kisha unyamaze umsikie.