Mbolea inayokuja yenyewe

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumze habari ya mchicha. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji huyu sasa kaishiwa na hoja, lakini naomba univumilie.

Jumamosi iliyopita mama anayetuletea mboga nyumbani kwangu Tabata alibisha hodi kama ilivyo kawaida yake, beseni kichwani. Baada ya salamu nikachagua mafungu mawili. Mchicha ulikuwa wa kupendeza, majani mapana, ungedhani umechumwa kwenye shamba la maonyesho ya Nanenane. Nikamuuliza, "Mama, huu umelimwa wapi?" Akanijibu, "Bondeni hapo chini, baba. Kule maji hayakauki, na mbolea inakuja yenyewe."

Akajitwika beseni lake akaenda zake. Nami nikabaki mlangoni na mafungu yangu mkononi, maana mbolea ile najua inakotoka. Kwa nini najua, nitakueleza baadaye.

Bonde alilolitaja ni la Mto Msimbazi. Mto huu huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, hadi unapoingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salenda. Safari yake yote ni kiasi cha kilometa 35 tu, lakini katika safari hiyo fupi hubebeshwa karibu kila kitu ambacho jiji la Dar es Salaam halikitaki. Gereji humwaga oili chafu. Viwanda humwaga maji yenye rangi na dawa. Kwa miaka mingi damu na maji ya kuoshea matumbo kutoka machinjioni Vingunguti yaliishia humo humo, mpaka Serikali ilipoanza kujenga machinjio ya kisasa mwaka 2019. Ukiongeza chupa za plastiki na nepi za watoto, picha inakamilika.

Huenda ukauliza, mto si unatembea, kwa nini usijisafishe wenyewe? Kweli, mto hujisafisha, ila kwa kiasi chake. Uchafu kama kinyesi na damu unapoingia majini huliwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vinapokula hutumia hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji. Uchafu ukiwa kidogo, kazi hiyo hufanyika na mto ukapona. Uchafu ukizidi, oksijeni huisha, samaki hufa, na maji yakaanza kunuka kama yai viza. Na ziko sumu ambazo hakuna kijidudu kinachoweza kuzila, nazo ni madini kama risasi na kadimiamu. Hizo hubaki udongoni na kupanda kwenye mimea. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa mboga zilizolimwa kandokando ya Mto Msimbazi na Mto Sinza, na madini hayo yakakutwa ndani ya majani. Sumu iliyo juu ya jani unaweza kuiosha. Iliyo ndani ya jani utaiosha vipi?

Sasa nitimize ahadi yangu. Mwaka juzi, wakati wa masika, choo cha nyumbani kwangu kilijaa. Gari la kunyonya halikuweza kufika kwa sababu kichochoro chetu ni chembamba, na bei nayo haikuwa rafiki. Fundi mmoja akanishauri kwa sauti ya chini, "Mzee, subiri mvua kubwa usiku, tutapisha." Msikilizaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Tundu linatobolewa ubavuni mwa shimo, mvua inafanya kazi iliyobaki, na asubuhi kila mtu anajifanya hajui kitu.

Mimi nilikubali. Mimi ninayekaa mbele ya kipaza sauti kila juma na kuwaambia viongozi wajibu wao, nilisimama gizani nikimmulikia fundi kwa tochi. Mtaa wetu umeinamia bonde. Basi ile mbolea inayokuja yenyewe, sehemu yake ilitoka kwangu.

Na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu mimi ni mtu wa Tabata. Mwaka 1988 wazee wetu wa Tabata walilipeleka Jiji Mahakama Kuu, kwa kuwa lilikuwa likimwaga taka katikati ya makazi yao na kuwavutisha moshi na harufu. Walishinda kesi. Mahakama ilikubali kwamba mamlaka haina haki ya kuhatarisha afya za raia kwa kisingizio cha kukosa mahali pa kutupia. Hoja ile ile ya kukosa mahali pa kutupia ndiyo niliyoitumia mimi usiku ule. Nyani haoni kundule.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mto ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hili. Hayo ni mambo mema. Lakini daraja jipya halizibi tundu la choo changu. Nyumba nyingi za jiji hili hazina bomba la majitaka, na mpangaji mwenye kipato kidogo akiambiwa achague kati ya ada ya shule na gari la kunyonya, sote tunajua atachagua nini.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Vipo hapa jijini vikundi vya vijana wanaonyonya vyoo kwa pampu ya mkono na kubeba majitaka kwa vyombo vidogo vinavyopita vichochoroni. Halmashauri zetu zivisaidie vienee kila kata, na bei yake iwe ya mtu wa kawaida kuimudu. Wenyeviti wa mitaa wavitangaze kabla ya masika, kwa kuwa mvua ikishaanza huwa tumechelewa. Na sisi wenye nyumba tuanze kutenga fedha ya choo kama tunavyotenga ya umeme.

Mama yule atapita tena Jumamosi. Sitamkemea, maana anasomesha watoto kwa beseni lile, na si yeye aliyeuchafua mto. Nitamweleza mbolea yake inatoka wapi, nikianza na habari zangu mwenyewe.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kwa leo ni hayo, ndugu msikilizaji.