Uangalizi na Dumu la Nyumbani

Uangalizi, ambao wengi huuita probesheni, ni amri ya mahakama inayomwacha mkosaji aishi nyumbani chini ya afisa maalumu badala ya kufungwa, na amri hiyo yaweza kuambatanishwa na sharti la kuacha vileo. Ugumu, hata hivyo, huanzia ukumbini: siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Ujiji, mkoani Kigoma, wanapopumzika, dumu la pombe ya ndizi huingia nyumbani, pengine la gongo, ambayo yenyewe ni haramu, na sharti humbana mmoja tu kati ya wanaokaa mkekani. Ingefaa wenye nyumba wahojiwe kabla ya amri kutolewa, kwa kuwa anayekubali kikombe cha mjomba, ambacho kukikataa huonekana utovu wa adabu, ndiye atakayerudishwa mahakamani.