Magoti Yetu, Presha Yetu, na Kopo la Barazani

(Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, siku ya kupima alizeti. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shamba, na kwa wasomaji wa darasa la kisomo.)



Leo hatukusimama kusema juu ya bei ya alizeti. Hiyo mmeshaisikia kwa Mwenyekiti, na wengine mmeshanung'unika vya kutosha. Leo tunasema juu ya magoti.

Tazameni foleni ya mzani asubuhi hii. Kati yetu tuliovuka miaka hamsini, ni wachache waliosimama mpaka zamu yao ikafika. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine walishika kiuno. Hata sisi tunaosema nanyi, tukichuchumaa kupalilia, kuinuka ni mpaka tushike mpini wa jembe. Huo si uchawi, ndugu zangu. Mganga wa zahanati ametueleza hivi: mwisho wa mfupa pana gegedu, kitu laini chenye utelezi, kinachozuia mfupa usisuguane na mwenzake. Miaka mingi ya jembe la mkono na ndoo ya maji kichwani hulila gegedu lile kidogo kidogo, na mwili ukiwa mzito hulika upesi zaidi. Likishalika halirudi kama lilivyokuwa. Neno hilo ni gumu kulisikia, lakini tunalitanguliza kwa sababu kila mwenye kopo la kuuza huanza kwa kulikana.

Tena goti haliji peke yake siku hizi. Anayeumwa goti ndiye huyo huyo mwenye presha, ndiye mwenye sukari, ndiye mwenye vidonda vya tumbo. Hapo ndipo penye hatari yenyewe, na hapo ndipo sisi wa ofisi tulipokosea mwaka jana.

Mama mmoja mwanachama mwenzetu ametupa ruhusa tuseme habari zake bila kutaja jina. Ana presha na sukari kwa miaka mingi, na dozi yake huichukua zahanati kila mwezi. Siku ile ya malipo alikuja mtu na gari dogo lenye kipaza sauti, akasimama barazani pa ghala letu. Nani alimpa baraza? Sisi. Tuliona watu wamekusanyika, pesa ipo, tukasema acha naye auze. Akatangaza kwamba unga wake unaponya magoti, kiuno, presha, sukari na nguvu za kiume, watu wakacheka na wakanunua. Akasema ni mizizi mitupu, haina kemikali hata chembe, na kwamba anayeutumia asichanganye na vidonge vya hospitali.

Yule mama alinunua makopo mawili. Siku ya tano alikwenda shamba bila fimbo. Tulimwona wenyewe, na tukasema, dawa hiyo kweli dawa! Vidonge vya sukari akaviweka kando. Baada ya wiki kadhaa uso wake ukajaa ukawa wa duara, na kila aliyekutana naye alimwambia, mama umependeza, umenenepa. Usiku akawa anakunywa maji mtungi mzima na kutoka nje mara tano. Kisha makopo yakaisha, na yule mtu wa gari hakuonekana tena. Hazikupita siku nyingi, akaanza kutapika, mwili ukakosa nguvu, akaanguka kisimani. Vijana walimbeba kwa bodaboda mpaka kituo cha afya, kutoka huko akapelekwa hospitali. Amepona, yuko hapa, amekaa pale nyuma. Lakini mbuzi wanne waliuzwa.

Daktari aliwaeleza watoto wake kwamba dalili zile zinafanana na za mtu aliyelishwa dawa kali za jamii ya steroidi bila kujua. Unga ule haukupimwa maabara, kwa hiyo nasi hatusemi zaidi ya hapo. Ila jambo hilo si geni duniani. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wake juu ya vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo, viitwavyo Artri King. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na lebo haikutaja hata moja. Zilipokelewa taarifa za watu walioharibika ini, na hata za vifo. Kama Marekani wanaingizwa mjini, seuze sisi wa barazani?

Deksamethasoni ni dawa halali mikononi mwa daktari. Inaondoa maumivu upesi kweli, ndiyo maana siku ya tano fimbo inatupwa. Lakini inapandisha sukari, inapandisha presha, inajaza uso, na ukiitumia muda mrefu inadhoofisha mifupa. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotengeneza kitu cha namna hiyo kwa ajili ya mwili. Tezi zikiona kinaletwa tele kutoka nje, zinaacha kazi. Ukikatiza ghafla, mwili unabaki bila cha kwake wala cha kopo, na ndipo mtu anaanguka. Kwa hiyo, ndugu, ambaye amekuwa akinywa unga wa namna hiyo muda mrefu asiutupe leo akakaa kimya nyumbani. Aende nao kwa mganga, apunguziwe kwa utaratibu.

Wapo watakaosema, Katibu anapiga vita dawa za asili. Hatupigi vita. Bibi zetu walitutibu kwa mizizi, na Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili inayochunguza miti hiyo kwa kisomo. Wala hatumcheki aliyekwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kwa kikombe cha Babu, marehemu Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu. Kilichoumiza ni wale walioacha dozi zao za UKIMWI au za sukari baada ya kunywa. Na neno "asili" lisitulevye. Mahindi si ya asili? Mwaka 2016 wenzetu wa Chemba na Kondoa waliugua, na wengine wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi yao wenyewe. Unga wa mizizi nao ukikaa kwenye unyevu huota ukungu.

Sasa tuje kwenye vile tunavyovijua na kuvizoea, maana si kopo la mgeni tu. Diklofenaki na ibuprofeni tunazinunua dukani kama karanga. Mwenye vidonda vya tumbo akizimeza anaweza kutoka damu tumboni, akaona choo cheusi kama lami. Mwenye presha inapanda. Na anayetumia losartani au kaptopuli pamoja na kidonge cha kukojoza maji, akiongeza diklofenaki, figo zake zinabanwa na dawa tatu kwa pamoja. Figo haipigi kelele. Siku ikipiga, imeshachelewa.

Mlonge nao, ambao tumeupanda uani, unaweza kushusha sukari. Ukiuchanganya na vidonge vya sukari bila kupima, unaweza kujikuta unatetemeka jasho likikutoka. Vidonge vya kitunguu saumu vinaongeza hatari ya kutoka damu kwa anayemeza aspirini ya moyo. Glukosamini, ile inayosifiwa mjini na kuuzwa ghali, hutengenezwa zaidi kwa magamba ya kamba na kaa. Wataalamu wameipima sana na majibu yanagongana, wengine wanaona nafuu kidogo, wengine hawaoni kitu. Kwa bei ile, sisi tungenunua viatu vyenye soli laini.

Na magadi, akina mama! Yule mwenzetu alipoambiwa apunguze chumvi aliitii kweli kweli, lakini mlenda wake aliendelea kuuwekea magadi. Magadi nayo yana sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Hilo hata sisi hatukulijua mpaka mganga alipotuambia. (Wazee walipiga kelele hapa, wakasema mlenda bila magadi si mlenda. Tukawaambia tulisema kupunguza.)

Basi goti tulifanyeje? Tulilaze? Hapana. Goti lisilotembezwa hukakamaa. Kaa juu ya kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, uushike hapo ukihesabu mpaka kumi, ushushe, kisha mwingine. Darasa letu la kisomo linafanya hivyo kila jioni kabla ya kufungua daftari, na hesabu zimepanda pamoja na mapaja. Msuli wa paja ukiwa na nguvu unalibebea goti mzigo. Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa pili, siyo upande wa goti linalouma. Wengi tunakosea hapo. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia, ila mwenye sukari aliyekufa ganzi ampe mwingine apime joto kwa mkono, asije akaungua bila kujua. Kuotesha mboga kwenye tuta la juu na kupikia umeketi ni akili, si uvivu.

Ukihitaji kidonge, wengi wetu huanza na parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mwenye ini baya au anayekunywa pombe sana aulize kwanza, maana chake ni pungufu. Someni jina dogo lililo chini ya jina kubwa, kwa sababu parasetamoli hujificha ndani ya dawa za mafua pia. Dawa ya kupaka gotini huingia kwenye damu kidogo kuliko ya kumeza, lakini nayo iulizeni. Goti likivimba na kuwa la moto, na homa juu yake, hilo si la kusubiri mnada ujao. Ni zahanati siku hiyo hiyo.

Halmashauri ya ushirika imekubali kwamba baraza la ghala halitapewa muuza dawa yeyote siku ya malipo. Ijumaa hii saa nne muuguzi wa zahanati atakaa pale pale barazani. Kila mmoja alete kikapu chenye kila anachokinywa nyumbani, vidonge, unga, mizizi, hata kilichobaki robo. Wanaojua kusoma wawasomee jirani zao lebo: kilichomo ndani, namba ya usajili, tarehe ya mwisho. Lisilo na maandishi likae upande wake. Kopo la yule mama limekwisha, lakini amelileta, liko rafuni nyuma ya mzani. Ufunguo uko kwa mtunza ghala.