Pansiyo ni mshahara uliowekwa



Mimi ni karani wa mine. Kila mwezi naandika liste ya mishahara, na kwa kila franka 100 za mtumikaji natoa 5 kwa sanduku la pansiyo. Patro naye anaweka 5. Vijana wananiuliza: «Karani, feza hii inakwenda wapi?»

Ulizo lao ni la haki. Pansiyo ya watumikaji wa inchi yetu ilianza kwa amri ya tarehe 6 Juni 1956. Wazee wetu walikatwa mshahara, wakatumaini. Lakini tarehe 16 Juni 1960, siku 14 tu mbele ya uhuru, Ubelgiji ilitoa sheria ya kudhamini pansiyo za maemploye wa koloni, ndio karibu wote Wazungu. Sanduku la watumikaji weusi halikupata dhamana ile. Mwaka wa 1961 liliingizwa ndani ya INSS, inayoitwa leo CNSS.

Tusiwalaumu Wabelgiji peke yao, ingekuwa rahisi sana. Sisi wenyewe tuliifanya nini feza yetu? Mwaka wa 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka wa 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka franka 1. Mimi kazi yangu ni hesabu, nimeipiga mara mbili: zaire 300,000,000,000 za zamani kwa franka moja! Mkubwa alikuwa na manyumba na dolari, sufuri zile hazikumgusa. Mzee wa pansiyo alikuwa na karatasi yenye namba. Jasho la miaka 30 likaliwa, na hakuna mwizi aliyekamatwa.

Sasa mtoto wake anashuka shimoni. Anakatwa kwa pansiyo yake, kisha anarudi nyumbani kumlisha baba ambaye alikwisha kukatwa naye. Analipa mara mbili. Na mama anayeuza unga sokoni hana sanduku hata moja.

Tunataka hivi: bei ikipanda, pansiyo ihesabiwe upya, wakianza wenye pansiyo ndogo. Na hesabu za sanduku zisomwe mbele ya watumikaji, kwa luga wanayoisikia.

Siku ya mshahara, muje na karatasi zenu zote tangu mwaka wa kwanza wa kazi, tuhesabu miezi pamoja. Wajane walete za marehemu. Hata zilizopasuka, mulete.